Kasuku wa Pembe ya Kimya

Siku Tai alipopigiwa makofi kwa ajili ya kitanda ambacho hakuwahi kukilalia, Sindano alikuwa ameketi karibu na mlango, mikono mapajani. Ukumbi mzima ulisimama. Mkurugenzi alisimama, wahasibu walisimama, hata mlinzi aliyepita kuangalia madirisha alisimama akapiga makofi bila kujua ni ya nini. Sindano peke yake alibaki kitini, akimtazama shemeji yake kama mtu anavyomtazama mbu aliyekwisha kushiba.

Shemeji huyo, mume wa dada yake mkubwa, kiwanda kizima kilimwita Tai. Ni tai ya shingoni, si ndege. Alikuwa nazo za kila rangi, na walisema hata akienda kuoga huilegeza tu, haivui. Sindano naye jina lake lilitokana na mkono. Mkono ule ulitulia kiasi kwamba nzi angeweza kutua kwenye ncha ya kalamu yake, akasinzia, akaota ndoto, akaamka na kuruka zake, na mstari usipinde. Hayo aliyasema Sindano mwenyewe, tena mara nyingi, maana unyenyekevu haukuwa miongoni mwa maradhi yake.

Kazi yao ilikuwa kuchora ramani za chipu: vile vipande vya silikoni vidogo kuliko ukucha, ambavyo ndani yake mna transista, yaani vijiswichi vya umeme, nyingi kuliko watu wa mji. Kuna wataalamu wanaoamua transista ipi iungwe na ipi. Lakini wakishaamua, kinachokuwepo ni ukoo tu unaotakiwa kukaa nyumba moja. Bado hakuna aliyesema nani alale chumba gani, mlango uelekee wapi, na choo kiwe umbali gani na jiko. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya chumba cha uchoraji, na kwa kazi hiyo Sindano hakuwa na mpinzani. Kabla hajagusa kompyuta alikata karatasi za rangi, akazipanga mezani, akazihamisha, akazitukana, akazihamisha tena, mpaka kila chumba kikapata mahali pake na hakuna waya uliolazimika kuzunguka nyumba nzima kutafuta mlango.

Kiwanda chao kilitengeneza chipu za vifaa vya kusikia. Ndani ya kila moja mna transista pacha zinazopokea sauti kutoka kwenye maikrofoni. Pacha hao wakitofautiana hata kidogo, sikioni panakuwa na mvumo kama mzinga wa nyuki. Na hutofautiana kwa jambo dogo sana: upande mmoja wa chipu ukipata joto kuliko mwingine, pacha wa upande ule anaanza kuwa na tabia zake. Wachoraji wenzake waliwaweka ubavu kwa ubavu, kisha wakamwachia Mungu. Sindano alimkata kila pacha vipande viwili, akavilaza mzungu wa nne: huyu kichwa huku, yule kichwa kule, wamepishana, joto likija liwapate wote sawasawa. Huenda kuna wengine duniani waliokwisha kuigundua njia hiyo. Yeye aliitoa kwenye kitanda cha utotoni, ambako mama yake aliwalaza yeye na dada yake na wadogo zao mzungu wa nne, kila mtu na fungu lake la ukuta wa baridi na miguu ya mwenzake puani.

Mvumo ukakatika kabisa. Chipu ikawa kimya kama chumba cha mtihani.

Na sasa Tai, mkuu wa idara, alikuwa jukwaani akieleza jinsi wazo lile lilivyomjia. "Tulikuwa wengi nyumbani," alisema, akiishika tai yake kwa masikitiko. "Kitanda kimoja. Mama yetu alitulaza mzungu wa nne. Nikiwa nimelala pale, miguu ya kaka yangu usoni, ndipo mbegu ya chipu hii ilipopandwa."

Tai alizaliwa peke yake na akalelewa peke yake. Kitanda chake cha utotoni kilikuwa na chandarua cha nakshi na nafasi ya kulaza ng'ombe.

Mstari wa mbele aliketi mama mzazi wa Sindano, mgeni wa heshima, mtu wa kwanza kupewa kifaa kipya. Wakati wa hotuba kifaa kilikuwa bado ndani ya kasha lake juu ya meza, kwa hiyo Mama hakusikia hata neno. Siku hizo alikuwa kiziwi hasa: radi ikipiga juu ya paa, alikuwa akiitika "karibu". Alipoona watu wanasimama, naye alisimama, akampigia mkwewe makofi mpaka bangili zikamshuka viwikoni.

Hapo ndipo Sindano alipokasirika kweli. Sifa za ukumbi angeweza kuzimeza. Makofi ya mama yake yalimkwama kooni, yakakaa pale kama mwiba wa samaki.

*

Alijaribu kwanza njia ya amani. Jumapili moja familia ilipokutana kwa Mama kunywa chai, Mama akiwa na masikio yake mapya, akisikia kijiko kikigusa kikombe na kucheka kwa furaha, Sindano aliweka kikombe chini.

"Mama, hayo masikio nimeyachora mimi."

"Mkwe wangu kanipa masikio," Mama alisema, akimpapasa Tai begani. "Nimezaa wanne, lakini aliyenikumbuka ni wa kuja."

"Ameyatoa mkononi mwangu, Mama. Ile mzungu wa nne ni yetu sisi. Muulize dada."

Dada alikuwa anamimina chai. Aliendelea kumimina mpaka kikombe kikafurika, kisha akaenda kutafuta kitambaa na hakurudi haraka.

"Shemeji," Tai alisema kwa upole wa mtu aliyeshinda, "kazi ni ya idara. Mimi ni wewe, wewe ni mimi."

"Basi nipe mshahara wako na hiyo tai."

"Unaona, Mama? Ana utani huyu."

Mama alimtazama binti yake kwa jicho la huruma, na hiyo huruma ilikuwa mbaya kuliko kofi. "Mwanangu, wivu utakuzeesha. Mwenzio akisifiwa, pokea na wewe kidogo."

Sindano alipokea. Alimaliza chai yake, akaosha kikombe, akaaga vizuri kila mtu. Na njiani akielekea nyumbani aliweka nadhiri. Siku itafika Mama atajua nani aliyempa masikio, na atajua mbele ya watu wale wale, kwenye ukumbi ule ule. Tai atasimama jukwaani na tai yake nzuri kuliko zote, na ardhi itapasuka mahali alipokanyaga. Alichokuwa bado hajakijua ni jinsi ya kuipasua.

*

Nafasi ilikuja na chipu mpya, ndogo zaidi, ya kifaa kinachozama chote ndani ya sikio. Kama kawaida Sindano alichora. Kama kawaida Tai alipita nyuma ya viti, akinusa kahawa ya watu na kusema "vizuri, vizuri" kwa skrini iliyozimwa.

Si kwamba Tai hakusoma. Yeye na Sindano walisoma darasa moja, na kwenye mitihani Tai alimpita. Lakini tangu apewe ofisi yenye zulia hakuwa ametazama ramani hata moja, na elimu ile ilimtoka polepole kama hewa kwenye mpira wa baiskeli iliyosahauliwa stoo. Alikuwa anajua, akaacha kujua, na kwa kuwa hakuna aliyemuuliza, hakugundua.

Sasa, chumba cha uchoraji kilikuwa na desturi moja ambayo wakubwa hawakuijua. Kila chipu hubakiwa na pembe tupu mahali fulani, na mchoraji mkuu alikuwa na haki ya kuchora humo picha, kwa chuma kile kile kinachochora waya, kwenye tabaka la juu kabisa. Picha ndogo kuliko chembe ya vumbi. Kuna chipu ilikuwa na birika la chumba chao, nyingine ilikuwa na kandambili iliyokatika kamba. Watu walizivaa masikioni miaka na miaka bila kujua. Sheria ilikuwa moja tu, na ilisimamiwa kwa ukali kuliko sheria yoyote ya kiwanda: picha isiguse waya.

Katika chipu hii pembe tupu ilikuwa kando ya maikrofoni. Wachoraji waliiita pembe ya kimya, maana Sindano aliiacha wazi makusudi ili makelele ya sehemu nyingine yasiufikie waya wa sauti, ulio mwepesi wa kudaka mambo kama jirani mbeya. Humo akachora kasuku. Alimchora kwa vijistari vilivyonyooka na pembe za mraba, kama ndege aliyefumwa kwenye mkeka, maana chuma cha chipu hakipendi kupinda. Mdomo mkubwa, mkia mrefu, na shingoni tai iliyofungwa kwa fundo nono. Akamgeuza kichwa chini, ili mtu akitazama ramani kwa haraka aone kichaka cha waya tu.

Mpango wake ulikuwa mfupi. Siku ya hafla ya kuzindua kifaa, chipu hupigwa picha kwa darubini na kuoneshwa ukutani, kubwa kama nyumba. Angemuuliza Tai mbele ya watu: hiki hapa pembeni ni nini? Angejibu lolote, halafu angeigeuza picha.

"Huyo ni nani?" mchoraji wa meza ya jirani aliuliza, shingo imepinda.

"Kasuku."

"Mbona amevaa kama bosi?"

"Anarudia maneno ya watu. Amepandishwa cheo."

Mchoraji alicheka mpaka akalazimika kutoka nje kupunga hewa.

*

Kabla ramani haijapelekwa kutengenezwa, ilipitishwa kwenye programu ya ukaguzi, ambayo chumba kizima kiliiita Hakimu. Hakimu hakuwa na urafiki. Waya mbili zikikaribiana kupita kiasi, alisema. Chuma kikiachwa hakijaungwa na chochote, alisema pia, ingawa hilo lilikuwa onyo tu. Wachoraji walizoea onyo hilo kila walipochora picha. Walilipuuza na maisha yakaendelea.

Lakini safari hii aliyetakiwa kuweka sahihi ni Tai, na Tai hakupenda kuweka sahihi chini ya onyo. Angeweza kuuliza. Hatua chache tu kutoka kwenye zulia lake kulikuwa na chumba kizima cha kumjibu. Ila kuuliza ni kukiri, na yeye hakuwa tayari kukiri mbele ya watu wanaokunywa kahawa kwenye vikopo. Akafunga mlango, akafungua ramani, akakodoa macho. Hakimu alikuwa amezungushia pembe ya kimya duara jekundu: *chuma hakijaungwa*. Basi Tai akakiunga. Alivuta mstari kutoka kwenye kichaka kile mpaka kwenye waya wa karibu kuliko zote. Duara likatoweka. Akaweka sahihi, akaweka na nukta.

Ulikuwa mstari wa kwanza kuuchora tangu apate zulia. Ulianzia kwenye mkia wa kasuku, ukaishia kwenye waya wa maikrofoni.

Ramani ilirudi kwa Sindano kwa ajili ya kutazamwa mara ya mwisho. Aliuona mstari ule papo hapo, kama mtu anavyoona nywele kwenye maziwa. Hakuhitaji kupiga hesabu. Chuma kirefu kilichofungwa kwenye waya wa sauti ni antena. Tai alikuwa ametengeneza redio ndani ya sikio.

Kidole kilikuwa juu ya kipanya. Kufuta mstari ule kungemchukua muda wa kupiga chafya. Hizi ni chipu za majaribio tu, alijiambia, haziuzwi. Kisha akakumbuka nani huvaa za majaribio. Aliona bangili za Mama zikishuka viwikoni, akasikia lile neno, *wivu*. Mwiba wa kooni ukamchoma upya.

Akaondoa mkono kwenye kipanya. "Iende," alimwambia mchoraji wa jirani, na sauti yake ilikuwa tamu kama ya mtu anayebembeleza mtoto.

*

Mama alivishwa masikio mapya majuma machache kabla ya hafla, ili azoee. Hakuzoea.

"Kuna mwanamume ananiuzia magodoro," alimwambia Sindano kwenye simu. "Nikigeukia dirishani anakuja. Nikigeukia jikoni anaondoka."

"Mwanamume gani, Mama?"

"Nitamjuaje? Anasema yana spring na hayabonyei. Jana nilikuwa kwenye maombi, mchungaji kainamisha kichwa, mara mtu akapiga kelele 'goli'. Nikasema amina. Wote wamenigeukia."

Sindano aliuma mdomo asicheke. "Umemwambia mkweo?"

"Anasema ni masikio mapya, niyape muda." Mama alishusha sauti. "Mwanangu, nisikufiche. Bibi yenu mwisho wake alikuwa anasikia watu wasiokuwepo. Nadhani na mimi ndiyo nimeanza. Usimwambie dada yako."

Kicheko kikamkauka Sindano. Hapo ilikuwa zamu yake ya kusema. Neno moja, *ni mstari tu, Mama*, na yule mzee angelala kwa amani. Lakini neno lile lingefika kwa dada, kutoka kwa dada lingefika kwa Tai, na Tai angeufuta mstari, angemfuta kasuku, angepanda jukwaani akiwa msafi kama sahani.

"Wewe huna ugonjwa wowote, Mama," alisema. "Vumilia mpaka siku ya hafla. Nakuomba. Usiyavue."

"Nitavumilia," Mama alisema, kwa unyonge ambao Sindano hakuwahi kuusikia kwake. Sindano alikata simu akajichukia kwa muda, kisha akamchukia Tai zaidi, ili pawe na uwiano.

*

Siku ya hafla ukumbi ulijaa. Ukumbi wenyewe ulikuwa chini, chini ya ghorofa zote, kuta za zege nene, hata simu za mkononi hazikushika humo. Mama alikaa mstari wa mbele, na kwa mara ya kwanza tangu avae masikio yale, muuza magodoro hakumfuata. Alikaa ametulia, mikono juu ya mkoba, akishukuru.

Nyuma ya jukwaa, kwenye ujia mwembamba uliojaa viti vilivyovunjika, Tai alikuwa anatoka jasho. Fundi wa sauti alikuwa amekwisha kumbania maikrofoni isiyo na waya kwenye tai, akaiwasha, akasema, "Spika nitazifungua ukipanda, mkuu. Mpaka hapo sema unachotaka," akaenda zake. Sindano alikuja kuchukua kamba ya projekta, kwa kuwa yeye ndiye angekuwa anabadilisha picha. Tai akamdaka mkono.

"Shemeji, niokoe."

"Nini tena?"

"Ile picha ya chipu. Nimeiona sasa hivi. Kuna dude pembeni pale, karibu na maikrofoni. Mkurugenzi ataniuliza, namjua. Ni dude gani lile?"

"Si umeweka sahihi wewe?"

"Nimeweka. Sahihi naweka kila siku. Wewe unajua sijasoma michoro ile tangu nipewe ofisi. Usinitazame hivyo."

"Nakutazamaje?"

"Kama mama yako akitazama deni. Sikiliza. Najua ile mzungu wa nne ilikuuma. Ni yako, sikatai. Yote unachora wewe, mimi nasema tu. Lakini kusema nako ni kazi, shemeji. Mama yako ana furaha, dada yako ana furaha. Unataka kuwavunjia watu furaha kwa sababu ya kitanda?"

Sindano alimtazama yule mtu, shati lililonyooshwa na kijasho juu ya mdomo, na akahisi mwiba wa kooni ukigeuka kuwa kitu kingine, kitu kinachotafunika.

"Ni kituliza-mawimbi," alisema.

"Kituliza-mawimbi."

"Kinatuliza mawimbi. Pasipo hicho chipu nzima haina maana. Sema ulikichora mwenyewe, watapenda."

"Mungu akubariki, shemeji. Nitakukumbuka."

"Sina shaka," Sindano alisema, akabeba kamba yake.

Spika za ukumbi zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo hakuna mtu aliyesikia. Hakuna mtu, isipokuwa mmoja. Kasuku aliyelala kichwa chini ndani ya sikio la Mama alinyoosha mkia wake, akadaka kila neno lililotoka kwenye maikrofoni ile, akalitia ndani, safi, bila mvumo, maana pacha walikuwa wamelazwa vizuri.

Sindano alipofika kwenye projekta na kumtazama mama yake, alimkuta ameketi wima kama mtu aliyemwagiwa maji. Bangili hazikutikisika. Alikuwa anautazama mlango wa nyuma ya jukwaa.

Tai akapanda. Spika zikafunguliwa. Akazungumza vizuri, kama siku zote: mahangaiko ya wazee, wajibu wa sayansi, kitanda cha utotoni kikaja tena na safari hii kiliongezewa dada. Picha ya chipu ikawaka ukutani, kubwa kama nyumba. Mkurugenzi akanyoosha kidole kutoka kitini.

"Na kile pale kwenye pembe?"

"Kituliza-mawimbi, Mkurugenzi." Tai alitulia ili neno liingie. "Nilikichora kwa mkono wangu, mstari kwa mstari. Pasipo hicho, chipu haina maana."

Watu wakaguna kwa heshima. Kwenye safu ya wachoraji, watu wazima waliuma leso.

"Labda mama yetu, mvaaji wa kwanza, atuambie kidogo," Mkurugenzi alisema.

Mama aliinuka. Alikataa maikrofoni; sauti yake haikuwa na upungufu. "Mkwe," alisema, "nina swali moja. Mzungu wa nne ulilala na nani?"

"Na ndugu zangu, Mama."

"Ndugu zako wapi? Wazee wako walipokuja kwangu kuposa, walisema wana mtoto mmoja kama jicho. Hao wengine walizaliwa mwaka gani?"

Tai alicheka kidogo, peke yake.

"Na lingine," Mama aliendelea, na hapo akabana pua, akalegeza midomo, akamtoa Tai mzima mzima, mpaka watu wakageuka kuangalia nani amesema: "'*Shemeji, niokoe. Kuna dude pembeni pale. Yote unachora wewe, mimi nasema tu. Kusema nako ni kazi.*' Maneno hayo ni ya nani, mkwe? Maana nimeyasikia sasa hivi humu sikioni, nikadhani nimerukwa na akili. Majuma yote haya nadhani nimerukwa na akili."

Tai aliishika maikrofoni ya kwenye tai kama mtu aliyeshika nge. Mkono wake wa pili ulikuwa umeinuka kuelekea ukutani, kwenye kituliza-mawimbi, kama anaomba kimtetee.

Sindano alibonyeza kitufe. Picha ikageuka, juu ikawa chini. Na pale ukutani, mrefu kuliko mtu, akasimama kasuku, mdomo wazi, kifua mbele, tai shingoni, na kutoka mkiani mwake mstari mmoja uliopinda vibaya, wa mtu asiye na mkono wa kuchora, ukielekea kwenye waya wa maikrofoni.

Walioanza kucheka ni wachoraji. Wahasibu wakafuata bila kuelewa. Mkurugenzi alijitahidi, akashindwa, akavua miwani. Dada, kwenye kiti chake cha mke wa mkuu wa idara, alijifunika uso kwa kitambaa, na mabega yalikuwa yanaruka. Kama alilia au alicheka, Sindano hakutaka kujua. Yeye alikuwa anamtazama Tai tu. Alimtazama kwa makini, bila haraka, kama anavyotazama ramani kwa mara ya mwisho, asikose hata mstari mmoja.

*

Mkurugenzi hakumfukuza. Alifanya jambo ambalo Sindano angelibuni mwenyewe kama angeulizwa, na kwa kweli aliulizwa. Tai alirudishwa chumba cha uchoraji, meza ya karibu na birika, ajifunze upya. Mwalimu wake alikuwa Sindano. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kumchora kasuku, yeye na tai yake, mpaka Hakimu asiwe na neno.

"Shemeji, mkia huu kwa nini unazidi?" aliuliza siku ya kwanza, shati limemwagikiwa wino.

"Rudia."

"Nimerudia mara ngapi?"

"Unajua kurudia wewe. Rudia."

Mama naye alimwita Sindano nyumbani. Hakumwekea chai. "Masikio umeyachora wewe," alisema. "Nilikosa, na ukweli nimeutoa mbele ya watu, ili usije ukaniambia nilinong'ona."

Sindano aliinama, koo limefunguka, machozi karibu. Neno alilolingoja lilikuwa limefika, na lilikuwa tamu vile vile alivyolidhania.

"Lakini ule mstari," Mama alisema. "Mchoraji mwenzio kaniambia uliuona. Uliuona, ukauacha, ukaja ukakaa sikioni kwangu. Nikakwambia kwenye simu naogopa, ukaniambia nivumilie."

"Mama, nilitaka ujue."

"Nimejua. Sasa na wewe utajua."

Akakataa kuyarudisha masikio yale. Kiwanda kilimtumia mengine, yenye kasuku asiyegusa kitu, akayafungia kabatini. Na tangu siku hiyo, kila asubuhi Sindano akiwa katikati ya kazi, karatasi za rangi zimetanda mezani, simu inalia. Ni Mama, amekaa dirishani.

"Leo kuna magodoro ya mkonge na ya sufi," anasema. "Umeshika kalamu? Hayabonyei. Yana dhamana. Sasa subiri, kuna habari za mifugo."

Anarudia yote anayoyasikia, neno kwa neno, kwa sauti ya yule mwanamume. Sindano hawezi kukata simu, kwa kuwa aliye upande wa pili ni mama yake. Anaitika "ndiyo, Mama", bega limeibana simu sikioni, macho yakiwa kwenye meza ya karibu na birika, ambako mtu aliyelegeza tai anamchora kasuku upya kuanzia mdomoni.